Mtoto wako acheze mchezo gani? Mwongozo kwa mzazi wa mtoto wa miaka 4 hadi 10

Wazazi wengi huanza kwa kuuliza, "Akademi ipi nzuri?" Hilo ni swali la karibu na mwisho. Kabla yake kuna mtoto mwenyewe wa kutazamwa, umri wake, afya yake, na yule mtu mzima atakayekuwa naye uwanjani wakati wewe uko kazini. Ninapoandika ninaifikiria familia ya mjini Tanzania: wazazi wanarudi jioni, mtoto ana shule asubuhi na madrasa au tuisheni mchana, na uwanja wa karibu ni ule wa shule ya msingi, wenye magoli yasiyo na nyavu. Ukiwa Mombasa au Bujumbura, mengi yatakuhusu vilevile.

Msimamo wangu niuseme mapema ili usome ukiujua. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, kocha ana uzito kuliko mchezo. Mchezo wa kawaida ukifundishwa na mtu makini na mpole humjenga mtoto. Mchezo wa fahari ukifundishwa na mtu wa kufoka humfanya auchukie, na pengine achukie michezo yote.

Hatua ya 1: Mtazame akicheza

Chukua wiki mbili. Usimuulize kitu wala usimpeleke popote. Mtazame jioni akicheza na wenzake, kwa kuwa michezo ya mtaani hufichua mengi ambayo jaribio la saa moja mbele ya kocha mgeni haliwezi kuyafichua.

Kwenye kombolela kuna mtoto anayejibana kimya nyuma ya tanki la maji, na kuna anayechomoka mbio kwenda kuwakomboa wenzake. Kwenye rede, yule wa katikati anayekwepa mpira huku macho hayabanduki kwa mrushaji ana miguu myepesi na jicho zuri. Netiboli, kikapu, mpira wa mikono na hata kriketi vitamfaa. Anayeruka kamba hadi giza liingie ana mdundo na pumzi. Anayepanda mwembe wa jirani kila siku na kuning'inia kwenye geti anatafuta sarakasi au jimnastiki, ingawa hajawahi kusikia majina hayo. Yupo pia anayekaa pembeni akichora mchangani na kuwatazama wengine. Usikimbilie kusema kwamba huyo hapendi michezo. Mara nyingi hapendi kelele na kugombania mpira. Mpe kitu ambacho kila mtu ana nafasi yake, kama kuogelea, karate au baiskeli, kisha umwone.

Tazama na namna anavyoshindwa. Anayelia kidogo kisha akarudi mchezoni yuko sawa. Anayekasirika hadi kulala bila kula kwa sababu ametolewa kwenye rede hafai kuanza na timu inayocheza mechi kila Jumamosi mbele ya wazazi. Aanze na mchezo anaoshindana na nafsi yake, ambao leo anafika nusu ya bwawa na mwezi ujao analimaliza.

Baada ya hapo ndipo umuulize. Ukimuuliza anataka kuwa mchezaji gani akikua, atakupa jina alilolisikia kwenye televisheni. Muulize hivi: "Ungeongezewa muda wa kucheza leo, ungecheza nini, na nani?" Jibu la "na nani" lipe uzito, maana mtoto wa miaka 6 au 7 mara nyingi anamfuata rafiki kuliko anavyoufuata mpira. Rafiki wa dawati moja akiwa anaenda karate, hiyo ni sababu tosha ya kuanza na karate.

Hatua ya 2: Heshimu umri

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 na 4 ajishughulishe kimwili angalau dakika 180 kwa siku, na kati ya hizo 60 ziwe za kumfanya aheme. Kuanzia miaka 5 hadi 17 ni wastani wa dakika 60 za kuhema kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na kazi nzito zaidi, ya kuimarisha misuli na mifupa. Ukizipima namba hizo utaona kwamba mazoezi ya mara mbili kwa wiki hayazifikii. Kukimbizana mtaani na kutembea kwenda shule ndivyo vinavyojaza. Kwa hiyo mtoto aliyeandikishwa mchezo wa kulipia asizuiwe kucheza nje siku nyingine kwa hoja kwamba "mazoezi ameshafanya".

Miaka 4 na 5: bado hajaweza kuufuata vizuri kwa macho mpira unaokuja kwa kasi, na ukimpa maelekezo matatu atashika moja. Huu ni umri wa kukimbia na kusimama ghafla, kuruka kwa mguu mmoja, kurusha, kudaka mpira mkubwa laini, kubingirika na kuzoea maji. Kipindi cha nusu saa kinatosha. Ukiona watoto wa umri huu wamepangwa mstari wakisubiri zamu dakika tano kila mmoja, hapo hakuna mafunzo.

Miaka 6 na 7: sheria rahisi anazishika na timu ndogo anaiweza, yaani wanne kwa wanne au watano kwa watano. Usishangae watoto wote wakiufuata mpira kundi moja. Ndivyo wanavyocheza umri huo, na hakuna sababu ya kuwafokea.

Miaka 8 hadi 10: hapa anaanza kuona kwamba kuna mwenzake aliyekaa pazuri kuliko yeye. Anaweza kufundishwa pasi, nafasi na kulinda. Ni umri mzuri wa kucheza michezo miwili au mitatu kwa mwaka, mmoja wa timu na mwingine wa peke yake.

Wapo watakaokuambia "samaki mkunje angali mbichi", kwamba mtoto akianza soka la kila siku akiwa na miaka 6 atawapita wenzake. Kwa malezi na tabia methali hiyo ni ya kweli. Kwa mifupa haifai. Mfupa wa mtoto hurefuka kupitia tabaka laini la gegedu karibu na ncha zake, na mjongeo uleule ukirudiwa kila siku bila kupumzika huliumiza tabaka hilo. Ndiyo asili ya maumivu ya kisigino na ya chini ya goti yanayowasumbua wachezaji wadogo, ambayo wazazi huyaita uvivu. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri mtoto asibanwe kwenye mchezo mmoja hadi afike karibu miaka 15 au 16, na kila wiki apate siku 1 au 2 za kupumzika kabisa. Kipimo kingine rahisi kinachotumiwa na madaktari wa michezo: saa za mazoezi ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wake. Mtoto wa miaka 7 asizidi saa 7, na kwa maoni yangu saa 3 au 4 zinamtosha.

Kama haraka yako inatokana na ndoto ya kuwa na mtoto nyota, watazame Watanzania wawili waliozaliwa mwaka 1992. Mbwana Samatta alikuwa na miaka 27 alipojiunga na Aston Villa, Januari 2020, na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Alphonce Simbu alikuwa na miaka 33 aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, na kuipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano hayo. Mwanao wa miaka 6 hajachelewa kitu.

Hatua ya 3: Afya kwanza, kabla ya kulipa ada

Mtoto mzima wa afya hahitaji vipimo vya gharama ili acheze. Yako mambo manne, hata hivyo, ambayo yanataka daktari aongee kabla ya kocha.

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Mtoto mwenye selimundu anaweza kucheza na anastahili kucheza, ila kwa masharti: anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka yeye bila kuomba ruhusa, asishindanishwe mbio za kumaliza pumzi, na asikae kwenye maji ya baridi au na nguo zilizolowa, kwani baridi huweza kuamsha maumivu. Kocha lazima ajue. Asipoambiwa, atamwona mtoto amekaa chini na kudhani anadeka.

Pumu. Wengi wenye pumu hufanya vizuri kwenye kuogelea, kwa sababu hewa ya juu ya maji ina unyevu, na kwenye michezo ya kukimbia kwa vipindi vifupi. Dawa yake ya kuvuta ikae uwanjani kwenye mfuko unaojulikana, isiachwe nyumbani kabatini.

Moyo. Mtoto aliyewahi kuzimia akikimbia, kupata maumivu ya kifua akicheza, au ambaye ndugu yake wa karibu alifariki ghafla akiwa kijana, asianze mchezo wowote hadi apimwe. Vivyo hivyo aliyewahi kuambiwa ana homa ya baridi yabisi, ambayo huweza kuharibu milango ya moyo. Kuzimia ukiwa umesimama juani gwaride la shule ni jambo moja. Kuzimia katikati ya mbio ni jambo jingine, na hilo halisubiri.

Macho. Mtoto anayekosa kila mpira pengine hauoni. Mpime macho kabla ya kuamua kwamba hana kipaji.

Mtoto mwenye ulemavu naye achaguliwe mchezo kwa uangalifu uleule. Special Olympics ina tawi Tanzania kwa wenye ulemavu wa akili, na timu ya taifa ya soka ya watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilicheza Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022. Nenda kwa kocha ukiwa na orodha ya anayoyaweza mwanao, na muanzie hapo.

Hatua ya 4: Pima michezo yenyewe

Kuogelea ningeuweka wa kwanza kwa kila mtoto anayeishi karibu na maji, hata kama hatashindana maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakutaja kuzama majini kuwa kati ya sababu kubwa za vifo vya watoto duniani, na sisi tunaishi kwenye pwani, maziwa na mito, na nyumba nyingi zina visima na mashimo ya maji ya mvua. Watoto wengi huwa tayari kwa masomo ya kuogelea wakifika miaka 4. Mwanzo mzuri ni mpole: kutoa mapovu, kuzamisha uso, kuelea chali, kisha kugeuka na kushika ukingo. Ukiona mwalimu anamtupa mtoto kwenye kina "azoee", mwondoe mtoto wako siku hiyohiyo. Bwawa likaguliwe kwa macho yako: sakafu ionekane waziwazi hadi chini, kina kiandikwe ukingoni, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kutazama maji tu. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wa mtu mzima, na mtu mzima huyo simu aiweke mfukoni.

Kwa walio Mwanza, Musoma, Bukoba na kando ya mabwawa ya umwagiliaji, kuna kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kuingia kupitia ngozi, hata kwa mtoto aliyesimama tu ndani ya maji ya ufukweni penye majani. Bwawa lenye klorini ya kutosha na maji ya bahari havina hatari hiyo. Mtoto aliyekwishacheza ziwani apelekwe kupimwa, ugonjwa unatibika.

Wazazi wanaosita kuhusu mavazi ya wasichana wasiuache mchezo huu kwa sababu hiyo. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuogelea zenye kusitiri mwili na kichwa. Omba kipindi cha wasichana chenye mwalimu wa kike, na mkiwa wazazi watano mnaoomba pamoja, bwawa litapata sababu ya kuwasikiliza.

Soka ndiyo rahisi kuliko yote, na chandimu ya mtaani ni shule nzuri sana ya kumiliki mpira. Tatizo huanza watoto wanapochukuliwa na watu wazima wanaotaka soka la wakubwa. Mtoto wa miaka 7 akiwekwa kwenye uwanja mzima, kumi na moja kwa kumi na moja, atagusa mpira mara chache mno na kumaliza akiwa amechoka kwa kukimbia bure. Uliza wanatumia mpira namba gani: namba 3 kwa walio chini ya miaka 8, namba 4 hadi miaka 12 hivi, na namba 5 usubiri. Uliza pia kuhusu vichwa. Marekani imewakataza watoto wa miaka 10 kushuka kupiga mpira kwa kichwa tangu 2015, na mwaka 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland Kaskazini viliondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa shule za msingi. Kocha akikuambia huo ni woga wa Wazungu, mwambie mtoto wako hatapiga vichwa.

Riadha haina gharama, nayo ni msingi wa michezo mingine. Ila mtoto mdogo hahitaji mbio ndefu. Apewe mbio fupi, kupokezana kijiti, kuruka chini na kurusha vitu vyepesi, kwa makundi ili asiwepo wa mwisho anayechekwa.

Netiboli na kikapu vinawafaa kuanzia miaka 7 au 8, kwa sharti moja: goli lishushwe. Goli la wakubwa liko mita 3.05. Kikapu cha watoto huwekwa mita 2.60, na pete ya netiboli ya watoto mita 2.74. Mtoto akilazimika kurusha kwa nguvu zote ili mpira ufike tu, anajifunza kurusha vibaya.

Karate, judo na taekwondo huwafaa sana watoto wenye haya na wale wenye nguvu zisizo na mwelekeo. Kwenye judo, kitu cha kwanza kizuri wanachofundishwa ni kuanguka bila kuumia. Pigo la kichwani lisiwepo kabisa kwa watoto. Uliza mapema gharama ya mitihani ya mikanda, maana ndiyo inayowakuta wazazi hawajajipanga. Ngumi za kupigana, kwa mtoto wa umri huu, mimi ninazikataa bila mjadala.

Sarakasi na jimnastiki hutaka godoro nene na mwalimu anayeshika mtoto mgongoni. Bila hivyo viwili, subiri.

Hatua ya 5: Mchunguze kocha

Nenda bila taarifa, kaa pembeni kipindi kizima. Hesabu kimoyomoyo: watoto wanatembea na kucheza, au wamesimama wakisikiliza hotuba? Kocha anawajua kwa majina? Mtoto asiyeweza anapewa nini? Mtoto akianguka, kocha anafanya nini kwanza? Sikiliza maneno. Anayemwita mtoto "wewe bonge" au "mwanamke wewe" kwa kumdhihaki mvulana hafai, hata kama timu yake ina makombe kabatini. Fimbo uwanjani, au kumwadhibu mtoto kwa kumzungusha uwanja juani hadi atapike, si nidhamu. Mchukue mtoto mwondoke.

Kisha muulize kocha ana kwa ana. Watoto ni wangapi kwa kila mtu mzima? Kwa wenye miaka 5 hadi 7, mmoja kwa watoto 10 ni vizuri. Kwenye maji wawe wachache zaidi ya hapo. Nani hapa amefundishwa huduma ya kwanza? Mtoto akivunjika mkono sasa hivi, mnampeleka hospitali gani, kwa usafiri gani? Maji ya kunywa yapo? Mvua ikianza na radi, watoto wanakwenda wapi? Kocha mzuri hachukizwi na maswali haya. Wengi hufurahi kuona mzazi anajali.

Kuhusu usalama wa mwili wa mtoto, kuwa wazi bila aibu. Watu wazima wawepo wawili au zaidi, na mazoezi yafanyike mahali panapoonekana. Kocha asimbebe mtoto mmoja peke yake kwenye bodaboda, asimwite nyumbani kwake, asimpe zawadi za siri, na asimwandikie mtoto ujumbe wa simu bila mzazi kuuona. Mtoto afundishwe nyumbani, kwa maneno ya kawaida, kwamba hakuna kocha, mjomba wala kaka mkubwa wa timu anayeruhusiwa kumgusa sehemu zake za siri au kumwambia asimwambie mama. Ukiona dalili, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haitozwi. Namba hiyohiyo inatumika Kenya na Uganda.

Uliza na ratiba ya jua. Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam na Tanga ni kali na hewa ni nzito. Mazoezi ya watoto yawe yameisha kabla ya saa nne asubuhi, au yaanze saa kumi alasiri. Kila robo saa wanywe maji, hata wasipohisi kiu. Mwezi wa Ramadhani, mtoto anayejaribu kufunga nusu siku apewe mazoezi mepesi au apumzishwe. Kocha anayeishi nasi anajua hilo, ila mkumbushe.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mwendo na fedha

Ada ndiyo inayotajwa, lakini nauli ndiyo inayowashinda watu. Andika gharama za miezi mitatu: ada, nauli ya mtoto na ya anayempeleka, jezi, viatu, michango ya mashindano. Kisha andika saa. Uwanja wa dakika kumi kwa miguu wenye kocha wa wastani anayejali watoto ni bora kuliko kituo maarufu ambacho mtoto anafika amelala kwenye daladala na kurudi saa mbili usiku kabla hajafanya kazi ya shule. Mtoto wa darasa la pili anahitaji kulala.

Usinunue vifaa vipya mwezi wa kwanza. Raba alizonazo zinatosha, na baadaye njumu za mitumba zitamfaa, kwani mguu wake utazizidi ndani ya mwaka hata ukinunua za bei. Njumu zikibana, vidole huumia; ziwe na nafasi ya kidole gumba cha mkono mbele, si zaidi, kwa sababu zikipwaya ataanguka.

Fedha ikiwa haipo, anza na mwalimu wa michezo wa shule yake. Mashindano ya UMITASHUMTA, yaani ya shule za msingi Tanzania, huanzia shuleni na kupanda hadi ngazi ya taifa, na yana riadha, soka, netiboli na mengine. Mwalimu huyo mara nyingi yuko peke yake, bila mipira ya kutosha. Wazazi kumi wakichanga mipira miwili na kamba, shule imepata timu. Dar es Salaam kuna pia JK Park ya Kidongo Chekundu, iliyofunguliwa 2015 kwa ajili ya vijana, yenye viwanja vya soka na kikapu. Kaulizeni ratiba za watoto.

Kwenye hesabu hii mkumbuke binti. Katika nyumba nyingi kaka anakwenda uwanjani saa kumi, dada anaosha vyombo na kumbeba mdogo wao. Kama nyumba ina nafasi ya mtoto mmoja kucheza, basi zamu zigawanywe na vyombo vigawanywe. Mwaka 2022, Serengeti Girls, timu ya taifa ya Tanzania, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Kila mmoja wao aliwahi kuruhusiwa na mtu kutoka nyumbani jioni.

Hatua ya 7: Mjaribishe kwa muda mliokubaliana

Kubalianeni kabla: wiki sita, kisha tunazungumza. Wiki sita zinatosha kuvuka ugeni, na si nyingi kiasi cha kuwa kifungo. Siku ya kwanza na ya pili atang'ang'ania sketi ya mama; hilo ni la kawaida. Usimpime kwa siku hizo.

Kuanzia wiki ya tatu, tazama. Anakumbusha mwenyewe kwamba leo ni siku ya mazoezi? Anafanya nyumbani alichofundishwa, anapiga danadana uani au anaelea kwenye kitanda? Anataja majina ya wenzake? Hizo ni dalili nzuri kuliko mabao. Kwa upande mwingine, tumbo linalouma kila Jumanne saa tisa, kukojoa kitandani kulikorudi, au ukimya mpya kila akitajwa kocha, ni mambo ya kukalishwa chini na kuulizwa kwa upole siku hiyohiyo. Wakati mwingine ni mtoto mkubwa anayemwonea. Wakati mwingine ni zaidi ya hapo.

Njiani kurudi, usimfanyie uchambuzi wa mechi. "Leo kilichokufurahisha ni nini?" linatosha, kisha mpe maji na ndizi. Pembeni ya uwanja, mwachie kocha kazi ya kuelekeza. Mtoto anayesikia sauti mbili, ya kocha na ya baba, husimama katikati asijue amtii nani.

Wiki sita zikiisha na akasema hataki, muulize hataki nini: mchezo, kocha, wenzake, au saa? Mara nyingi kubadilisha kikundi kunatosha. Akiwa na timu inayomtegemea kwa mechi iliyobaki, amalize mechi hiyo. Kisha jezi irudishwe ikiwa imefuliwa, na aende yeye mwenyewe kumuaga kocha, wewe ukiwa kando yake. Mpumzishe hadi likizo ya Juni au ya Desemba ipite, aendelee kucheza mtaani, ndipo mjaribu mchezo mwingine.